Mapafu Kwenye Dirisha la Geti

Inatangazwa kwa umma wote wa Kampala, wenye mapafu mawili, wenye pafu moja na nusu, na wale wanaopumua kwa mazoea tu: kwamba mheshimiwa kuvu, mkazi wa siku nyingi wa pafu la kulia la Bwana Oyat, ameamriwa kuhama. Hakuhamishwa na vidonge. Vidonge alivitafuna mwaka mmoja na nusu kama karanga. Hakuhamishwa na maombi, ingawa yaliombwa ya kila dhehebu, na moja lilikuja na spika zake mbili na jenereta. Amehamishwa na askari wa mwili wa Oyat mwenyewe, baada ya sayansi kuwavua askari hao adabu. Wageni waalikwa watasimama. Bwana Oyat anaruhusiwa kukaa, maana magoti yanamuuma.

Tangazo kama hilo, likiwa limevishwa suti, lilisomwa mwezi wa tano katika ukumbi wa hoteli mbele ya maprofesa. Lakini Oyat si mtu wa ukumbi. Ni mtu wa geti, na habari yake inaanzia getini.

Kwa miaka kumi na tisa alilinda geti la maghorofa fulani ya Bugolobi, upande ule ambao upepo ukigeuka unaleta harufu ya viwandani. Baba yake alikuwa mwanajeshi kutoka Kitgum, kwa hiyo Kiswahili alikipata kambini akiwa mtoto, pamoja na uji na viboko. Kampala kuna watu wengi waliojifunza kukiogopa Kiswahili, lugha ya wanajeshi, kabla ya kukielewa. Ukimwambia mtu "simama hapo", mikono inapanda yenyewe. Oyat aliutumia urithi huo bila kujiuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa kitu kibaya zaidi ya mkali: alikuwa mtu wa sheria.

Sheria za geti lake zilikuwa mbili. Ya kwanza, mgeni akiingia anaacha kitu chenye jina lake. Ya pili, mgeni anajiandikia mwenyewe katika kitabu, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na anachukua kitu chake akitokea geti hilohilo. Kwa sheria ya kwanza Oyat alikuwa ameshika pasipoti za watu wakubwa, leseni za udereva, kadi za wanafunzi wa chuo, na siku moja Biblia ya mchungaji aliyesahau kitambulisho, yenye jina lake ukurasa wa kwanza, zawadi kutoka kwa mkewe, ambaye siye aliyekuwa naye kwenye gari.

Kibanda chake kilikuwa na benchi, kitabu, na dirisha moja lisilo na kioo. Kioo kilivunjwa na kaloli, yule ndege mrefu mwenye upara anayekula takataka za Kampala kwa hadhi ya mzee wa kanisa. Alitua kwenye ukingo, akaona sura yake mwenyewe, akaichukia. Kampuni ya ulinzi ilipewa taarifa. Kampuni ikasema imepokea taarifa.

Julienne alifika getini miaka minne iliyopita, asubuhi, na vitenge vya kuuza begani. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mpangaji wa ghorofa ya tatu alikuwa amemwita.

"Mama, kitambulisho iko wapi?" Oyat akauliza.

"Papa, karatasi yangu ya ukimbizi siiachi popote. Ile ndiyo miye. Nikiiacha kwako, huko juu nitapanda kama nani?"

"Acha simu."

"Simu haina jina."

"Kitu yenye jina. Sheria."

Julienne akapekua mfuko wake, akatoa bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya kifua, imetoka kliniki asubuhi ileile; alikuwa amemaliza miezi sita ya dawa za TB, na picha ilipigwa ili kuaga ugonjwa. Juu, kwenye kona, jina lake liliandikwa kwa herufi nyeupe.

"Hii iko na jina," akasema. "Iko hata na moyo wangu ndani."

Oyat akaiinua kuelekea jua, akakunja uso kama mtu anayejua kusoma mbavu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni miye, bila kitenge."

Wakacheka wote wawili. Julienne akajiandika kitabuni, saa nne na robo, akapanda. Kwa nusu saa mambo yalikuwa mazuri. Kisha msimamizi wa maghorofa akamkuta anagonga mlango wa ghorofa ya nne, ambako hakuitwa na mtu, akamfukuza kwa ngazi za nyuma mpaka nje, kupitia kijilango cha mapipa ya taka.

Kesho yake akarudi getini kuomba picha yake.

"Kitabu inasema uko ndani," Oyat akamwambia.

"Papa, unaniona niko hapa nje!"

"Mimi naona. Kitabu ndiyo haioni. Ulitoka wapi?"

"Kwa mapipa. Walinifukuza!"

"Mapipa si geti. Ingia, halafu utoke hapa, uandike, nikupe kitu yako."

"Basi niingie."

"Acha kitu yenye jina."

Julienne alifunga mfuko wake. Kisha akasema maneno ya Kishi, lugha ya kwao, ambayo Oyat hakuyaelewa, ila aliyapokea vizuri kabisa, akaondoka. Oyat alikusudia kumpa picha akirudi mara ya tatu. Hivyo ndivyo alivyokuwa: mara mbili sheria, mara ya tatu mtu. Hakurudi.

Mvua za Aprili zikaja zimelala ubavu, zikalowesha kitabu cha wageni. Oyat akapima dirisha kwa shubiri, akapima picha, akachukua panga. Picha ilikuwa ndefu kuliko tundu, akaikata sehemu ya juu, upana wa viganja viwili, akaigongomea misumari. Ikakaa kama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kile kipande cha juu, chenye jina na ncha za mapafu, hakukitupa. Kitu cha mtu hakitupwi. Alikisukuma chini ya benchi.

Kwa hiyo kwa miaka minne jua la Bugolobi liliingia kibandani likipitia mbavu za Julienne. Madereva walikuwa wanauliza, "Afande, nani huyo?" Oyat alikuwa anajibu, "Huyo ni mgeni. Bado yuko ndani."

Kukohoa kwa Oyat hakukuanza kwa kishindo. Aliwahi kuugua TB zamani, akatibiwa, akapona, ikabaki shimo kubwa kama yai la kuku sehemu ya juu ya pafu la kulia. Hakuna aliyemwambia kwamba shimo ni chumba, na chumba kitupu Kampala hakikai bila mtu. Akakohoa mwaka mzima. Wakampa dawa za TB tena, ingawa mdudu wa TB hakuonekana. Wakampa mara ya tatu. Alizimeza zote kwa uaminifu, kila asubuhi, akikojoa rangi ya machungwa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Uzito ukashuka mpaka sare ya kazi ikawa inavaliwa na upepo. Siku alipojaza damu nusu ya beseni la kunawia, mkewe Rosalba alimbeba kutoka Kyebando kwa bodaboda mpaka hospitali, yeye Rosalba akiwa nyuma kumshikilia.

Ndipo akaangukia kwa Daktari Aminah, mwanamke mdogo wa Old Kampala, aliyekua akisikia adhana ya msikiti mkubwa ikipita juu ya paa la kwao, na mwenye tabia isiyo ya kawaida kwa daktari: alikuwa anajibu alichoulizwa.

"Si TB, Mzee. Ni kuvu."

"Kama ya mkate?"

"Ndugu yake. Mbegu zake ziko hewani kila siku, sote tunazivuta. Kwako zimepata shimo la zamani, zikajenga."

Alimpa vidonge vya kuua kuvu. Miezi kumi na nane. Kuvu likavizoea.

Veranda ya wodi ya kifua ilikuwa ya wote, wanaume na wanawake. Asubuhi walitolewa nje kuota jua kama mihogo. Hapo ndipo Oyat alipomwona Julienne. Naye alikuwa na shimo, naye alikuwa na kuvu, naye alikuwa amekwisha kula vidonge bila mafanikio. Alimtambua papo hapo. Mtu aliyemtazama kila siku kwa miaka minne, hata kama ni kwa ndani, hamsahau. Lakini Julienne hakumtambua. Askari aliyemjua alikuwa na kofia, tumbo na mamlaka. Huyu alikuwa mzee wa ndevu za kijivu aliyejifunga shuka.

"Karibu, Papa," akamwambia, akisogeza kiti. "Kaa huku, huko kuna upepo."

Wakawa majirani wa viti. Julienne alimmiminia chai ya tangawizi kutoka katika chupa yake, akamsema vibaya muuguzi mkuu kwa sauti ya chini, akamfundisha kulalia ubavu gani kikohozi kikimshika. Oyat alisema "asante, mama", na hakusema zaidi.

Jumatatu moja Daktari Aminah akavuta stuli, akakaa kati yao.

"Kuna dawa," akasema. "Nitaeleza polepole, kwa sababu hata mimi nilielezwa haraka. Miili yenu ina askari. Wameshalitazama hili kuvu miaka, wamechoka, wamekata tamaa. Na kila askari wa mwili ana kitu kama swichi ya kumtuliza, ili asipige watu wa nyumbani. Kwenye ugonjwa mrefu ile swichi inabaki imebonyezwa. Adui anapita, askari anampigia saluti."

"Mimi nawajua hao," Oyat akasema.

"Dawa inafunika ile swichi isibonyezeke. Askari wanaamka. Imetengenezwa kwa ajili ya saratani. Kwa kuvu wamejaribu watu wachache sana duniani, pamoja na vidonge. Wengine wamepona. Wengine hapana."

"Na askari wakishaamka," Oyat akauliza, "nani anawaambia wasimame?"

Aminah akafikiri. "Hakuna mwenye uhakika. Wanaweza kupiga tezi ya shingo, maungo, utumbo. Wanaweza kupiga pafu lenyewe."

"Daktari," Julienne akasema, "miye niko tayari wapige nyumba nzima. Leteni."

Daktari akatazama viatu vyake. Dawa ilikuwa msaada kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, ya kumtosha mtu mmoja. Kamati ingeamua Ijumaa saa sita mchana. Kwa upande wa hali, Julienne ndiye aliyestahili: damu yake ilikuwa inatoka karibu kila siku, na moyo wake ulikuwa na nguvu. Lakini kamati ilitaka picha ya zamani, ya miaka miwili au zaidi, yenye jina, kuthibitisha kwamba shimo ni lile la TB na kwamba kinachokua humo si saratani. Oyat alikuwa nayo. Ya Julienne ilitakiwa kuwa kwenye kliniki moja ya Kyebando ambayo siku hizi ni duka la vipuri vya pikipiki.

"Ukileta picha kabla ya Ijumaa, ni wewe," Aminah akasema. "Usipoleta, ni Mzee. Nawaambia wote wawili mbele ya kila mmoja, kwa sababu sitaki mtu asikie kwa watu."

Julienne akapiga paja. "Picha yangu! Mnajua iko wapi picha yangu? Niliiacha geti moja huko Bugolobi!"

Akaisimulia veranda nzima. Alikuwa na kipaji. Alivuta shavu, akatoa tumbo, akawa askari: "'Kitabu inasema uko ndani!' Namwambia, Papa, si unaniona? 'Mimi naona. Kitabu ndiyo haioni!'" Wagonjwa wakacheka mpaka wengine wakahitaji hewa ya mtungi. "Tumbo hivi! Akili hivi! Kama Mungu ana geti, namwomba asimwandike kazi yule."

Oyat naye alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikampindua, na Julienne akamshika mgongo, akamsugua kati ya mabega, akisema, "Pole, Papa, pole. Sitasema tena, nitakuua kwa kicheko."

Jumanne Rosalba alikuja na malakwang, mboga ya kwao yenye ukali wa siki, iliyoungwa kwa karanga, ambayo Oyat hakuigusa mwanzoni. Alimweleza mkewe yote kwa Kiacholi, lugha yao, taratibu, macho yakiwa upande wa pili wa veranda. Rosalba alifunika bakuli.

"Kipande chenye jina kiko wapi?"

"Chini ya benchi. Oola yuko kazini, anaweza kukileta leo." Oola ndiye aliyeshika zamu yake getini.

Rosalba alifunga fundo la leso, akalifungua, akalifunga. "Mimi nimekuzika mara mbili, Baba Juliet. Mara ile ya beseni, na mara ile ulipozimia kanisani. Nilishachagua hata wimbo. Umelinda watu wa Bugolobi miaka kumi na tisa. Wiki hii jilinde wewe."

"Ana mtoto."

"Na wewe una mtoto. Ana wewe." Akasimama. "Sijasema chochote. Kula."

Oyat akala kidogo. Na kimya alichokaa Jumanne kikamzalia kimya cha Jumatano, maana kila saa iliyopita iliongeza aibu ya kusema, kwa sababu sasa angelazimika kueleza pia ile saa.

Alhamisi asubuhi kiti cha Julienne kilikuwa kitupu. Saa tatu wakamrudisha kwa kiti cha magurudumu, midomo imekuwa ya bluu, kandambili moja mguuni. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani juu ya nguo za wodi, akatoroka, akafika mpaka ngazi za lango la hospitali. Ngazi ya sita ikamkalisha.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" muuguzi mkuu akafoka.

Julienne alihitaji muda kupata pumzi ya kujibu. "Kwa yule askari. Nimpigie magoti. Labda... labda aliitunza. Ni mtu wa sheria, yule."

Oyat aliomba simu ya mgonjwa wa pembeni, akaenda nayo mwisho wa veranda.

"Oola. Ile picha ya dirisha. Ng'oa, ulete hospitali."

"Afande! Nikitoa hii, mvua itaingia."

"Ng'oa. Na kipande kiko chini ya benchi, ulete pia. Hicho ndicho cha maana."

Upande wa pili kikasikika kitasa cha mlango na Oola akiinama. "Chini ya benchi hakuna kitu, Afande. Jana mkuu wa kampuni alikuja kukagua, akasema kibanda ni kichafu. Nilifagia yote. Na jana ndiyo siku ya lori la taka."

"Jana."

"Jana mchana. Ulikuwa unataka?"

Oola alifika Ijumaa saa nne, ndani ya sare, na ile picha imeviringishwa kwapani. Alipotokea verandani na kofia yake, Julienne aliinua kichwa. Alitazama sare. Alitazama picha. Alimtazama Oola, ambaye hakumjua, akimsalimia mzee wa ndevu za kijivu kwa mkono kichwani: "Afande, nimeleta."

Daktari Aminah aliichukua, akaiinua kuelekea mwanga. Jina hakuna. Ncha za mapafu, palipokuwa na shimo, hakuna; panga lilikuwa limepita hapohapo. Na chini yake, palipobaki mbavu na kivuli cha moyo, kulikuwa na madoa ya mviringo, mamia, meupe na ya kijani, yaliyoshikana kama ramani ya visiwa. Mvua ya miaka minne ilikuwa imelowesha ule utandu wa picha, na kuna kitu kilikuwa kimeota juu yake kikaula.

"Hii ni nini?" Oola akauliza.

Aminah akaishusha picha. "Ni kuvu."

Julienne alianza kucheka. "Hata pale!" akasema. "Hata dirishani! Mnaona? Lilinifuata mpaka kwa picha!" Alicheka peke yake, veranda nzima ikimtazama, mpaka damu kidogo ikaja kwenye kitambaa, akaifuta. Kisha akageuka.

"Ni weye."

"Ni mimi," Oyat akasema.

"Ulinitambua lini?"

Angeweza kusema jana. Hakuna ambaye angejua.

"Siku ya kwanza. Wewe ulinipa kiti."

"Na Jumatatu, nilipokuwa naiga tumbo lako, kile kipande kilikuwa kiko?"

"Kilikuwa kiko. Mpaka juzi."

Julienne akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakiki vipimo vya nguo. Hakumtukana. Oyat alingoja tusi, na kama lingekuja angelishika kwa mikono miwili. Julienne akamwambia muuguzi, "Sista, nisogeze kule mwisho. Huku kuna upepo."

Daktari Aminah alipeleka picha ile mbele ya kamati hata hivyo, akaigombania nusu saa. Kamati ilikuwa ya watu wema na wenye masikitiko. Ikauliza jina liko wapi.

Oyat alimwambia Aminah hataki dawa. Aminah akajibu kwamba ikikaa itaharibika, na kwamba haihamishiki kwa mtu ambaye kamati haikumpitisha, sheria. Alilisema neno hilo bila nia yoyote, akaandaa dripu. Rosalba alikuwa amesimama mlangoni, na hakuingia mpaka tone la kwanza lilipoanza kushuka.

Julienne alifariki Jumapili, wiki tatu baadaye, saa sita mchana, mshipa ndani ya shimo ulipopasuka. Wakongomani wa kanisa lake walijaza ua wa hospitali wakiimba, na binti yake, Annick, mwenye miaka kumi na mitatu, alishika ile karatasi ya ukimbizi kifuani kwa mikono yote miwili, kwa sababu mama yake alimwambia isiachwe popote. Oyat aliwatazama kutoka verandani. Alikuwa na homa. Askari wake walikuwa wanaamka.

Waliamka vibaya, kama askari wote. Dozi ya pili wakavamia tezi ya shingo, wakaiua; sasa anameza kidonge kila asubuhi cha kufanya kazi yake, mpaka siku ya kufa. Dozi ya tatu wakaingia magotini na vidoleni. Lakini kwenye njia yao walipita pia kwenye lile shimo. Damu ikakoma. Makohozi yakapelekwa maabara mara tatu, na mara tatu hayakuota kitu. Picha mpya ilionyesha shimo likiwa jeupe pembeni na tupu katikati, kama chumba kilichofagiliwa. Uzito ukarudi, tumbo likafuata.

Akarudi getini mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza. Oola alikuwa ameweka gunia dirishani, nalo lilikuwa linadondosha maji kwenye benchi. Kampuni ilikuwa imepokea taarifa.

Vitabu vya zamani vilikuwa kwenye boksi. Oyat alivipekua siku mbili mpaka akaupata ukurasa. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, umelala kulia: Julienne, vitenge, ghorofa ya tatu, saa nne na robo. Safu ya kutoka ilikuwa tupu. Oyat alichukua kalamu, akaishika juu ya ile nafasi. Saa aliijua. Siku aliijua. Oola akamtazama, akangoja.

"Andika tu, Afande. Ni saa ngapi?"

"Mgeni anajiandikia mwenyewe," Oyat akasema, na akafunga kitabu.

Basi, mwezi wa tano, ukumbi wa hoteli. Kiyoyozi, maua ya plastiki, na neno la kitaalamu refu kuliko foleni ya Jinja Road limeandikwa ukutani kwa taa. Daktari Aminah alisimama kwanza, akasema mtu mmoja si ushahidi, kwamba kuna mgonjwa wa pili ambaye hayumo kwenye jedwali, na kwamba jina lake lilikuwa Julienne. Hakupigiwa makofi, watu walidhani bado hajaanza. Kisha akapanda profesa mgeni, mwenye tai, akatangaza kwamba historia ya mapafu ya Afrika imegawanyika sehemu mbili, kabla na baada, na kwamba ile baada imeketi hapa mbele, safu ya kwanza, ndani ya koti la kuazima. Ukumbi ukasimama. Makofi yakaenda, yakarudi. Rosalba alikuwa ameinamia leso yake.

"Bwana Oyat," profesa akasema kupitia mkalimani, akimpelekea kipaza sauti, "umepewa pumzi ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kupewa. Dunia ya sayansi inakusikiliza. Ungependa kuiambia nini?"

Oyat alinyanyuka, magoti yakalia. Alikishika kile kipaza sauti kama tochi, akavuta pumzi ndefu, iliyoingia yote mpaka mwisho bila kukwama popote.

"Dirisha ya kibanda haina kitu," akasema. "Mvua inaingia."